Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mkanda Kwenye Karate, Judo, Jiu-Jitsu na Wenzake

Haya ni maswali ninayoulizwa kila mara, mengi na wanafunzi wapya, mengine na wazazi waliokaa pembeni wakisubiri watoto wao, na machache na watu ambao hawajawahi hata kukanyaga mkeka ila wana uhakika wanajua mkanda mweusi ni nini. Nimejibu kama ninavyojibu mdomoni. Na tuelewane kabisa mapema, hapa siongelei ule mkanda wa ubingwa wa ndondi unaogombaniwa ulingoni, huo ni mambo mengine kabisa, naongelea ule wa kitambaa unaofunga kiunoni.

Nikipata mkanda mweusi si ndo nimemaliza?

Hapana bwana. Dan ni daraja la mkanda mweusi, na ya kwanza kwa Kijapani inaitwa shodan na hiyo "sho" maana yake mwanzo, kwa hiyo waliolitunga hilo jina walikuwa wanakwambia sasa umeanza. Ni kama mtoto aliyejua kusoma, anaweza kuachwa peke yake na kitabu lakini hajawa mwandishi.

Mimi nikiulizwa mkanda mweusi ni mtu gani nasema ni yule ambaye ukimwambia "nyonga yako imechelewa" anajua unasema nini, anaenda kuifanyia kazi mwenyewe wiki nzima bila kusimamiwa, na akirudi unaona tofauti. Mkanda mweupe ukimwambia hivyo anaangalia miguu yake.

Hii mikanda ilianzia wapi?

Watu wengi wanadhani ni mambo ya kale sana, ya samurai huko, kumbe ni ya juzi tu. Shule za zamani za Japani hazikuwa na rangi, mwanafunzi alikuwa anapewa hati, karatasi ya kukunja inayosema umefundishwa mpaka hapa, na ile ya mwisho, menkyo kaiden, ilimaanisha mwalimu amekupa kila kitu.

Aliyebadilisha ni Jigoro Kano, mtu wa judo, aliyefungua shule yake, Kodokan, mwaka 1882 Tokyo. Kano alikuwa mwalimu kwa taaluma, mtu wa elimu hasa, na aliona kwamba ukimwacha mwanafunzi miaka mingi bila alama yoyote njiani anakata tamaa. Akachukua mfumo wa dan, ambao ulikuwa tayari unatumika kwenye mchezo wa Go, ule wa kupanga kete nyeusi na nyeupe kwenye ubao, akauleta kwenye judo. Mwaka 1883 akawapa shodan wanafunzi wake wawili, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro, na miaka michache baadaye wenye dan wakaanza kufunga mkanda mweusi ili wajulikane. Ndo hivyo tu, hakuna muujiza. Mkanda ulikuja kama alama ya darasani.

Karate iliazima kutoka kwake. Gichin Funakoshi alitoka Okinawa akaenda kuonyesha karate Tokyo mwaka 1922, akafahamiana na Kano, na mwaka 1924 akatoa dan za kwanza za karate. Kule Okinawa walikuwa wanafanya mazoezi na nguo zozote, wengine vifua wazi, hakuna aliyekuwa anauliza una mkanda gani.

Na hizi rangi nyingine, njano, kijani, bluu?

Hizo zilishika kasi Ulaya. Anayetajwa sana ni Mikonosuke Kawaishi aliyefundisha judo Paris miaka ya 1930, aliona Wazungu hawawezi kusubiri miaka na mkanda mmoja, wanataka kuona wanasogea, basi akaweka rangi katikati. Kuna watu wanazidharau hizo rangi wanasema ni pipi za kubembelezea watoto. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mwalimu mwenye watu thelathini mbele yake akiona rangi anajua papo hapo nani anaweza kurushwa na nani bado hajajua kuanguka, na hilo ni suala la usalama wa shingo ya mtu.

Ile hadithi kwamba mkanda ulikuwa mweupe ukachafuka na jasho na damu mpaka ukawa mweusi ni ya kweli?

Ni tamu ila si kweli. Mkanda ukichafuka miaka kumi unakuwa wa rangi ya tope na unanuka, hauwi mweusi. Mweusi ulipakwa rangi tangu siku ya kwanza.

Na kutokana na hadithi hiyo hiyo utasikia mtu anakataza kufua mkanda eti unaosha ujuzi. Fua mkanda wako jamani. Tunagaragazana na huo mkanda, unapita kwenye uso wa mwenzako, kuna fangasi na majipu yanayoambukiza kwenye mkeka. Maji ya baridi, anika kivulini usipauke, basi. Kama ujuzi wako unatoka na sabuni basi haukuwepo.

Kyu na dan ni nini, mbona moja inahesabu kwenda mbele nyingine inarudi nyuma?

Kyu ni madaraja ya kabla ya mweusi, unaanza na namba kubwa, tuseme ya 10 au ya 9, unashuka mpaka ya 1. Ukivuka hapo unaingia dan ya 1 na sasa unapanda, ya 2, ya 3 kuendelea. Taekwondo ni vilevile ila wao kyu wanaita gup. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi ni wa kwanza" muulize wa kwanza kyu au dan, kuna tofauti ya jasho hapo.

Mpangilio wa rangi ni upi?

Kwa ujumla rangi zinakwenda kutoka nyepesi kwenda nzito. Judo na karate nyingi ni mweupe, njano, machungwa, kijani, bluu au zambarau, kahawia, mweusi, ila kila chama kina mpangilio wake na kuna wanaoruka rangi. Taekwondo huwa ni mweupe, njano, kijani, bluu, mwekundu, halafu mweusi. Jiu-jitsu ya Brazil kwa watu wazima ziko tano tu: mweupe, bluu, zambarau, kahawia, mweusi, na katikati unawekewa vipande vya plasta kwenye ncha, vinne, ndo vinaonyesha umesogea.

Hapo ujue kitu kimoja, mkanda wa bluu wa judo na wa bluu wa jiu-jitsu ni rangi tu zimefanana. Wa jiu-jitsu yuko hatua ya pili, wa judo anakaribia kahawia. Nimeshaona watu wanabishana kwa hili mpaka wananuniana.

Mbona nasikia mkanda mwekundu ni mkubwa kuliko mweusi, na kwenye taekwondo uko chini yake?

Yote mawili ni sawa, inategemea uko wapi. Judo, dan ya 6 mpaka ya 8 wana haki ya kuvaa mkanda wa vipande vyekundu na vyeupe, na ya 9 na ya 10 mwekundu mtupu. Jiu-jitsu ya Brazil ni daraja la 7 mwekundu na mweusi, la 8 mwekundu na mweupe, la 9 mwekundu. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho kubwa la kimataifa la jiu-jitsu ya Brazil, mtu hawezi kupata mweusi kabla ya miaka 19, na ukijumlisha miaka inayotakiwa kusubiriwa kati ya daraja na daraja, hata asipochelewa hata siku moja mwekundu ataufikia akiwa na miaka 67. Kwa hiyo ukimwona babu wa mkanda mwekundu anaingia kwa kujivuta na goti limefungwa bandeji, simama vizuri.

Inachukua muda gani kufika mweusi?

Karate, judo na taekwondo, mtu anayekuja mara tatu kwa wiki bila kukosa, miaka mitatu mpaka sita hivi ni kawaida. Jiu-jitsu wengi wanazungukia miaka kumi, na IBJJF wana muda wa chini: bluu lazima ukae miaka 2, zambarau mwaka mmoja na nusu, kahawia mwaka mmoja. Huo ni wa chini, wengi wanakaa na bluu mpaka wanaanza kuuliza kama mwalimu amewasahau.

Ukitaka kuona ukali wenyewe angalia kendo, ule mchezo wa upanga wa Kijapani. Hawana mikanda ya rangi kabisa, huwezi kujua daraja la mtu kwa kumwangalia, lakini mtihani wao wa dan ya 8 mtu haruhusiwi hata kuufanya mpaka afikishe miaka 46 na awe amekaa na dan ya 7 miaka 10, na wanaopita ni kama mmoja kati ya mia. Watu wanaufanya kila mwaka mpaka wanazeeka.

Mtihani wenyewe unaangalia nini?

Kwenye karate kuna mambo matatu: kihon, yaani misingi, ngumi na mateke unapiga ukitembea mbele na nyuma; kata, mfululizo wa mapigo uliopangwa; na kumite, kupigana na mwenzako. Judo utaonyesha miangusho na mikabo, na kuna sehemu dan unaipata pia kwa pointi za mashindano. Jiu-jitsu sehemu nyingi hakuna mtihani, mwalimu anakuangalia miezi na miezi halafu siku moja baada ya darasa anakuita mbele.

Ila kinachoangaliwa kweli mara nyingi hakijaandikwa popote. Mtihani wangu wa kahawia kata ilikuwa Heian Godan, ile yenye kuruka karibu na mwisho. Nikaruka vizuri tu, nikatua nikajikuta naangalia ukuta, wenzangu wote wanaangalia meza ya watahini. Nikasimama. Nikacheka kidogo, nikageuka kuwaangalia wenzangu wamefika wapi, nikadandia katikati. Nilifeli, na nilikuwa na hasira kwelikweli kwa sababu yule aliyekuwa kushoto kwangu alikosea mara mbili akapita. Nikamfuata sensei, yaani mwalimu wangu, akaniambia, "Yeye alikosea akaendelea kupigana. Wewe ulikosea ukatoka vitani ukaenda kuomba msamaha." Nikarudia baada ya miezi mitatu. Mpaka leo nikikosea kitu mbele ya darasa sisimami.

Nimefeli, nifanyeje?

Muulize mwalimu swali moja tu, "nilikosa nini," halafu nenda kafanye hicho. Usiulize mbona fulani kapita.

Nina mkanda mweusi wa karate, nikihamia jiu-jitsu naanza na upi?

Mweupe. Najua inauma, mimi imeniuma. Siku ya kwanza nilikuwa nimekwenda na gi yangu ya karate, yaani nguo ya mazoezi, ile nyepesi (ilichanika kwapani kabla saa haijaisha, nayo hiyo), na mkanda mweusi uko ndani ya begi umekunjwa, mkono umeshaingia kuuchukua kabla akili haijakumbuka. Nikaufunika na taulo nikaomba mweupe wa kuazima. Halafu nikapangwa na binti mmoja wa mkanda wa bluu, mwembamba, mpole, ananiambia "karibu kaka, taratibu tu," na ndani ya dakika tano alishanikaba kabali mara nne. Mara ya tatu sikujua hata mguu wake umepita wapi. Miaka yangu yote ya ngumi na mateke, pale chini ikawa haina kazi.

Mkanda ni ujumbe kutoka kwa mwalimu wako kwenda kwako na kwa watu wa dojo yenu, pale mnapofanyia mazoezi, unasema nimemwona huyu, anajua haya. Ukiupeleka kwingine unakuwa kama barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo wenyeji hawaisomi. Hawakukudharau, hawajui tu imeandikwa nini. Ukihama dojo ndani ya mtindo uleule mambo ni tofauti kidogo, wengi watakuheshimu mkanda wako, ila nakushauri siku ya kwanza uliza "nivae upi?" Utapendwa bure.

Mkanda wa juu si lazima ampige wa chini?

Si lazima. Uzito upo, umri upo, siku mbaya ipo. Mkanda mweupe aliyecheza mieleka miaka minane atamwangusha zambarau wa ofisini bila shida, na mweusi wa miaka 55 akipigwa ngwala na kijana wa kahawia wa miaka 22 hajapoteza mkanda wake. Kwenye mashindano makubwa ya judo rangi haitumiki kupanga watu, wanapangwa kwa kilo. Kwenye karate ya WKF, shirikisho la dunia la karate, wanafunga mmoja mwekundu mwingine bluu ili waamuzi watofautishe tu.

Mkanda unapima umbali uliotembea wewe kutoka ulipoanzia. Aliyeanza na kisukari na kilo 120 akafika kijani amefanya kazi ambayo kijana mwenye kipaji hajaifanya.

Mbona ndondi, mieleka na muay thai hawana haya mambo?

Kwa sababu wao wanapambana kila siku na rekodi inasema. Bondia ukimuuliza ni wa kiwango gani anakwambia kapigana mangapi kashinda mangapi. Na ni kweli, si lazima uwe na mkanda ili uwe na ujuzi, mabondia hawana na hakuna anayewacheka.

Mtoto wa miaka tisa anaweza kuwa na mkanda mweusi?

Inategemea chama. Taekwondo ya Kukkiwon, makao yao makuu Korea, mtoto chini ya miaka 15 anapewa poom, mkanda wake nusu mwekundu nusu mweusi, akikua unabadilishwa kuwa dan. Jiu-jitsu ya Brazil watoto wana mfumo wao kabisa, kijivu, njano, machungwa, kijani, na bluu ya watu wazima hawaipati mpaka miaka 16. Naona huu ndo ukweli zaidi. Mtoto anaweza kuwa na kata safi kuliko mimi, kabisa, lakini kumpa mweusi uleule wa mtu mzima unamfundisha kwamba anaweza kujitetea dhidi ya mtu mzima, na hawezi, na siku akijaribu wewe mwalimu hutakuwepo.

Nitajuaje kama dojo inauza mikanda?

Mtihani kuwa na ada si kosa, kuna vyeti, kuna mikanda yenyewe, kuna watahini wanasafiri. Shida ni pale unapoahidiwa tarehe, yaani unajiandikisha leo unaambiwa mweusi mwaka kesho mwezi fulani, hapo umeuziwa. Au hujawahi kuona mtu akifeli. Au mwaka mzima hamjawahi kupambana na mtu anayekataa kuanguka. Au ukimuuliza mwalimu yeye alipewa dan na nani anaanza hadithi ya msituni na bwana mkubwa asiyejulikana. Mwalimu wa kweli atakutajia jina la aliyempa kabla hujamaliza swali, na mara nyingi atakuongezea na hadithi ya jinsi alivyomtesa.

Na kingine kidogo, mwalimu mwenye dan ya 10 ana miaka 35, tembea.

Hizi dan za heshima wanazopewa wanasiasa zina uzito gani?

Uzito wa picha. Vladimir Putin alipewa dan ya 9 ya heshima na shirikisho la dunia la taekwondo mwaka 2013, wakaja kumnyang'anya mwaka 2022 baada ya uvamizi wa Ukraine. Sasa judo yake ni suala lingine, ameifanya tangu ujana, lakini ile ya taekwondo ilitolewa kwa barua ikaondolewa kwa barua.

Wanawake wanapandishwa sawa na wanaume?

Leo kwenye karatasi, ndiyo. Zamani hapana, na mfano wake ni Keiko Fukuda. Alikuwa mwanafunzi wa Kano mwenyewe, alizaliwa 1913, na alipofika dan ya 5 akakwamishwa miaka na miaka kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kuvuka hapo. Dan ya 6 aliipata 1972. Kodokan walimpa ya 9 mwaka 2006, na USA Judo wakampa ya 10 mwaka 2011 akiwa na miaka 98, akafariki 2013. Hapo katikati hakuacha kufundisha. Nikisikia mtu analalamika amekaa kahawia mwaka na nusu namkumbuka huyu mama.

Nimepandishwa lakini najiona sistahili.

Karibu kila mtu makini anajisikia hivyo, na asiyejisikia hivyo ndo ananitia wasiwasi. Mwalimu anakuona kutoka nje, wewe unajiona kutoka ndani ambako makosa yote yanapiga kelele. Vaa. Kuukataa mkanda mbele ya watu ni kumwambia mwalimu hajui anachokiona. Baada ya miezi sita utakuwa umeshaujaza.

Mkanda wangu umeanza kuchanika unaonekana mweupe ndani, niununue mwingine?

Ukitaka. Mikanda mingi myeusi ina pamba nyeupe ndani, ikisuguliwa miaka inatokeza, na kuna watu wanapenda kuelezea hilo kama falsafa ya kurudi mwanzo. Ni pamba. Ila kuna wengine wanausugua na msasa nyumbani uonekane mzee, hao tunawajua, kwa sababu umechakaa kwenye ncha na pale kwenye fundo bado unang'aa.

Unafungwaje bwana, wangu unalegea kila saa?

Tafuta katikati ya mkanda uiweke chini ya kitovu, zungusha ncha zote mbili nyuma zipishane, zirudishe mbele. Ncha ya juu ipitishe chini ya tabaka zote mbili, siyo moja, hapo ndo wengi wanakosea, uitoe kwa juu, vuta. Halafu piga fundo moja na ncha nyingine na vuta kwa pembeni, kushoto na kulia, usivute kwenda chini. Ncha zikilingana umepatia. Zisipolingana rudia, na ukishindwa mara tatu mwite mtoto yeyote wa mkanda wa njano, wale ndo wamejifunza juzi na wanafundisha vizuri kuliko sisi.